Mafuta ya Jenereta na Machozi ya Watu

Jumapili ya tarehe 28 Julai 2024 nilitoroka ibada. Mungu anisamehe, saa tano asubuhi Sudan Kusini ilikuwa inacheza mpira wa kikapu na Puerto Rico, Olimpiki ya Paris. Hapa Konyokonyo, Juba, sisi wachuuzi kutoka Kenya na Uganda tulijifanya wenyeji. Tukachanga mafuta ya jenereta, tukapanga viti vya plastiki, mama wa chai akabandika birika.

Kwanza wakapiga wimbo wa taifa wa Sudan. Wa Khartoum! Watu wamejitenga tangu 2011, wanapigiwa wimbo wa nyumba waliyohama. Vijana wa timu wakasimama tu, mikono kifuani, mpaka ulipopigwa wa kwao. Mzee aliyekaa karibu nami akafuta jicho. Hilo nalikubali, maana hakuna aliyempigia kinanda ili alie.

Ugomvi wangu ni na kinanda. Stesheni tuliyoifungua, mchezaji akigusa mpira, mtangazaji anakumbuka vita. Akifunga, kambi ya wakimbizi. Akikosa, kambi ya wakimbizi. Picha inakwenda mwendo wa kobe, jasho linashuka tone moja kwa dakika, violini zinaomboleza. Tukirudishwa uwanjani tunakuta pointi zimebadilika, na hakuna wa kutuambia nani kafunga. Nikawa namvizia mchezaji wao Carlik Jones, mzaliwa wa Cincinnati kule Marekani, nione naye watamtafutia kambi gani.

"Mimi nimekaa kambi ya Kakuma, Kenya, miaka tisa," akasema kijana mmoja nyuma yangu, kwa Kiswahili alichokiokota huko huko. "Tulikuwa tunacheza mpira kila jioni. Violini sikuwahi kuisikia."

Halafu hao wanaoliliwa ni akina nani? Siku nane tu kabla ya hapo, mjini London, walifungwa na Marekani 101 kwa 100, na ilibidi LeBron James mwenyewe atie kikapu cha mwisho zikiwa zimebaki sekunde nane. Mtu anayemtoa LeBron jasho anahurumiwa nini? Nieleze alivyomkaba, bwana!

Robo ya mwisho wakatuletea tena mahema, kinanda kikaanza, jenereta ikakohoa, ikazima. Mafuta yalikuwa yameishia kwenye mahema.

Matokeo, 90 kwa 79, Sudan Kusini imeshinda, tuliyapata kwa simu.