Jinsi ya Kumtibu Rafiki Aliyegeuka Vampaya

Kwanza hakikisha mgonjwa anaumwa kweli. Katika toleo la tano la mchezo wa Dungeons & Dragons, lile la 2014, kung'atwa na vampaya peke yake hakumgeuzi mtu. Sharti anyonywe damu mpaka afe, kisha azikwe, ndipo usiku unaofuata atoke kaburini akiwa mtumwa wa aliyemng'ata. Kinga ya bei nafuu, basi, ni kutomzika. Mbebe begani, mlaze juu ya meza ya kilabu, mradi asiguse udongo. Wachezaji wenye huruma, wanaokimbilia majembe na sala, ndio wanaotujazia dunia vampaya.

Umeshamzika? Achana na kitunguu saumu. Vitabu vya zamani vilikitambua, kanuni za toleo hili hazikitaji kabisa. Uganga wa Kuondoa Laana nao mwachie mtu-mbwamwitu: huyo, kama aliambukizwa tu, anaponywa na kasisi wa ngazi ya 5 bila kutoa hata senti, akaenda zake kula supu. Wewe umepata ugonjwa wa matajiri.

Dawa ni mbili. Ya kwanza ni uganga wa Ombi, unaohitaji mchawi wa ngazi ya 17. Akiutumia kwa shida kama yako, nguvu zake za mwili zinashuka hadi 3 kwa siku kadhaa, na kuna uwezekano wa asilimia 33 kwamba hatautumia tena maishani. Ukibisha hodi, usishangae kuambiwa mzee kasafiri.

Ya pili ni kumuua mgonjwa kisha kumfufua. Kuua kuna wepesi wake: mtumwa hajui kugeuka ukungu. Ila akishakunywa damu ya bwana wake amekuwa vampaya kamili, na ukimshinda mbali na jeneza lake anayeyuka kuwa ukungu na kukimbilia humo. Mvutie juani au kwenye maji yanayotiririka, ambako ujanja huo haufanyi kazi.

Kufufua ni kazi ya kasisi, na akikupokea kwa kisirani mvumilie. Taaluma yake ilizaliwa kwenye meza ya Dave Arneson, mmoja wa waasisi wa mchezo huu, huko Minnesota, kabla mchezo haujachapishwa 1974, kwa sababu mchezaji mmoja alikuwa vampaya aliyeshindikana. Ufufuo rahisi hutaka almasi ya sarafu 500 za dhahabu, lakini haumrejeshi mfu anayetembea. Je, vampaya aliyekwisha kuuawa bado ni mfu anayetembea? Hilo muulize mwendesha mchezo, tena umnunulie chipsi kwanza. Ufufuo wa Kweli hauna ubishi: unamrudishia ubinadamu wake, kwa almasi za sarafu 25,000. Kwa maisha ya kawaida ya sarafu moja kwa siku, hiyo ni posho ya zaidi ya miaka 68.

Kisha roho yenyewe lazima ikubali kurudi, na hapo ndipo wengi wanapokwama. Mgonjwa ana nguvu 18, wepesi 18, ustahimilivu 18, anaona gizani na vidonda vyake vinajifunga vyenyewe. Kupona kutamfaa nini?

Usimbembeleze. Kanuni zinamruhusu mwendesha mchezo kumchukua mhusika huyo na kumchezesha mwenyewe mpaka apone. Achia hapo. Rafiki yako akikaa vikao viwili mikono mitupu, akitazama shujaa wake anavyopoteza dadu mikononi mwa mtu mwingine, atakuja mwenyewe kuuliza almasi zinauzwa wapi.