Shehena ya Hewa: Mjadala wa Kuta Nyuma ya Bohari, Kabambare

Paneli ya sandwichi ni kipande cha ujenzi chenye tabaka tatu, yaani mabati mawili membamba ya chuma kilichopakwa rangi, yaliyogandana na moyo wa povu gumu uliomo katikati, na kazi ya moyo huo ni kuzuia joto lisivuke kutoka upande mmoja kwenda upande wa pili. Vipande viwili vya namna hiyo, masalio ya ujenzi wa chumba cha baridi, viliwekwa nyuma ya bohari moja mjini Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema nchini Kongo, vikaegemezwa kwenye ukuta wa miti na udongo ambao haukuombwa ruhusa. Kwa kuwa vifaa vya ujenzi havina shughuli nyingine gizani, haukupita usiku wa kwanza kabla ya mjadala kuzuka juu ya nani hasa anastahili kuitwa ukuta.

Kikao kiliongozwa na Mchwa, na uteuzi wake haukupingwa, kwanza kwa sababu ndiye mjenzi mkongwe kuliko wote katika bonde la mto Luama, na pili kwa sababu miongoni mwa waliohudhuria hakukuwa na aliyetaka kumuudhi. Kanuni yake ya kwanza ilikuwa kwamba kila msemaji ajitaje kwa jina lake, kama wafanyavyo wataalamu wanaoandika ripoti, ili ionekane kwamba hoja zinatoka kwenye elimu wala hazitoki tumboni.

Wa kwanza kusimama, au tuseme kuegemea vizuri zaidi, alikuwa Paneli ya Poliurethani.

“Mheshimiwa Mwenyekiti,” alisema, “Poliurethani ni mzaliwa wa Leverkusen, Ujerumani, ambako mkemia Otto Bayer na wenzake waliigundua kemia yake mwaka 1937. Kipimo chake cha upitishaji joto ni 0.024. Kikao kikishaisikia namba hiyo, Poliurethani haoni sababu ya kikao kuendelea.”

Kipimo hicho, ambacho wauzaji wa paneli hukitaja kama watu wengine wanavyotaja ukoo, hueleza ni wati ngapi za joto zinazopita katika mita moja ya mraba ya kitu chenye unene wa mita moja, pale ambapo pande zake mbili zinatofautiana kwa digrii moja. Kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo joto linavyozuiwa zaidi. Paneli wa pili alikuwa na moyo wa polistireni iliyoumuliwa, kitu chepesi cheupe cha vijipunje ambacho Wakongo wengi wanakijua kwa jina la frigoliti kwa kuwa ndicho kinachoizunguka televisheni mpya ndani ya katoni yake. Huyu alikiri kwa unyenyekevu kwamba namba yake ni 0.036 hivi, lakini akaongeza kwamba bei yake ni ya chini na kwamba sentimita 15 za frigoliti hufanya kazi ya sentimita 10 za mwenzake, jambo ambalo ni kweli na ambalo Poliurethani alilipokea kwa ukimya wa mtu aliyetajiwa deni.

“Na Mzee Tofali?” aliuliza Mchwa.

Tofali la Kuchoma lilijibu kwa sauti nzito kwamba namba yake ni 0.7 au karibu na hapo. Poliurethani alipiga hesabu papo hapo na kutangaza kwamba, ili Mzee Tofali azuie joto sawa na paneli ya sentimita 10, ukuta wake ungelazimika kuwa na unene wa karibu mita 3.

“Mita 3!” alisema Mzee Tofali. “Nyumba hiyo angejengewa nani, Firauni?”

Kicheko kilipopoa, Mchwa aliomba kufafanuliwa kitu kimoja ambacho, kwa maneno yake, mjenzi wa kichuguu asingeweza kukiacha kipite: ndani ya moyo huo wa thamani mna nini? Frigoliti, ambaye hakuzoea siri, alieleza kwamba takriban asilimia 98 ya ujazo wake ni hewa, iliyofungiwa katika vijumba vidogo sana ili isipate nafasi ya kuzunguka, kwa kuwa hewa iliyotulia ni kizuizi kizuri cha joto, ilhali hewa inayotembea hulibeba joto na kulipeleka kwingine. Poliurethani alisahihisha kwamba vijumba vyake havikujazwa hewa ya kawaida bali gesi maalumu inayopitisha joto kwa shida zaidi, na kwamba humo ndimo unamotoka ubora wake. Alipobanwa alikubali pia kwamba gesi hiyo huvuja polepole na hewa kuingia mahali pake, kiasi kwamba ile 0.024 ni namba ya ujana, na kwamba gesi iliyotumika zamani ilipigwa marufuku baada ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 kwa sababu ilikuwa ikiuharibu utando wa ozoni unaoikinga dunia dhidi ya mionzi mikali ya jua.

“Basi Mwenyekiti aandike,” alisema Ukuta wa Udongo, ambaye wote walimwita Babu, “kwamba hewa ilipakiwa Dar es Salaam, ikasafirishwa kwa reli hadi Kigoma, ikavushwa ziwa Tanganyika, ikateremshwa Baraka, kisha ikapandishwa milima ya Fizi kupitia Lulimba na Salamabila, mahali ambapo lori likizama kwenye tope hulala juma zima, na kwamba safari hiyo yote ililipiwa na watu ambao hewa haijawahi kuwapungukia.”

“Babu asisahau,” alidakia Bati kutoka juu ya paa, “kwamba yeye pia alikuja kwa njia hiyo.”

Dakizo hilo lilikuwa na ukweli wa kihistoria. Kabambare ilikuwa kituo kikubwa katika njia ya misafara iliyotoka Ujiji, ikavuka ziwa na kuelekea Kasongo na Nyangwe. Huko ndiko waungwana na wafanyabiashara wa pwani, wakiwamo wafuasi wa Tippu Tip, walikoeneza katika karne ya 19 mpunga, kanzu, lugha ambayo kikao kilikuwa kikiitumia, na nyumba ya pembe nne yenye baraza mbele. Msafiri David Livingstone alikaa Kabambare, aliyoiandika Bambarre, kwa miezi mingi hadi mapema mwaka 1871 kwa sababu ya vidonda vya miguu. Njia hiyohiyo ndiyo iliyosafirisha pembe za ndovu na watumwa kwenda mashariki, na kwa sababu hiyo hakuna kifaa nyuma ya bohari kilichokuwa na haki ya kuisifu bila kumeza mate.

Babu hakukasirika. Alijibu kwamba umbo lake lilitoka pwani lakini mwili wake ulichimbwa hatua 20 kutoka pale alipo, na kwamba akipata ufa hukandikwa kwa tope la bure na mama wa nyumba, hali paneli iliyotobolewa huhitaji silikoni ya dukani, maana unyevu ukishaingia kwenye povu, vijumba huanza kushika maji na maji hupitisha joto kwa urahisi kuliko hewa. Kisha akaitia doa namba yenyewe: ukuta mzito wa udongo haushindani kwa kuzuia joto bali kwa kulichelewesha, kwa kuwa hulinyonya mchana taratibu na kulitoa usiku, na sifa hiyo, inayoitwa uzito wa joto, haionekani popote katika kipimo cha Poliurethani.

Hapo ndipo Popo alipoomba nafasi, akining’inia kutoka kwenye boriti, na ushahidi wake ndio uliobadilisha mwelekeo wa kikao.

“Waheshimiwa wanabishana juu ya kuta,” alisema. “Popo analala darini. Kabambare iko chini kidogo ya ikweta, na saa sita mchana jua huwa karibu utosini. Haliugusi ukuta uliofunikwa na baraza, hulipiga paa. Bati likishapata kutu hupita digrii 60, na Popo amehama makao mara tatu kwa sababu hiyo. Zamani, alipokuwapo Bibi Nyasi, hakuna Popo aliyehama.”

Jina hilo lilinyamazisha kila mmoja, maana Bibi Nyasi aliondolewa kwenye mapaa yote mazuri ya mji kwa jina la maendeleo. Mchwa, aliyemla sana na kumkumbuka kwa uchungu, aliagiza namba yake itafutwe. Ezeko la nyasi kavu lina kipimo cha takriban 0.07, kwa sababu moja tu: mabua ni matupu na yamebanana, hivyo hufungia hewa. Nyasi zilizoezekwa kwa unene wa sentimita 30 huzuia joto sawasawa na sentimita 10 za Poliurethani.

“Kumbe Bibi alikuwa povu,” alisema Frigoliti kwa mshangao wa kweli.

“Alikuwa povu lenye nyoka,” alijibu Bati, “lililovuja baada ya misimu michache, na lililoteketea kwa cheche moja ya jiko.”

Bati halikusema uongo, lakini kwa kutaja moto lilikuwa limefungua mlango ambao paneli wote wawili walitamani ubaki umefungwa. Frigoliti hulainika inapokaribia digrii 100 na kisha huyeyuka, kiasi kwamba mabati yake mawili hubaki bila kitu cha kuyashikanisha. Poliurethani haiyeyuki, bali huungua na kutoa moshi wenye sianidi, sumu inayoua haraka. Katika jengo la Grenfell jijini London, tarehe 14 Juni 2017, watu 72 walikufa baada ya moto kupanda kwenye vifuniko vya nje vya tabaka vilivyokuwa na plastiki katikati, juu ya povu la kuzuia joto. Sufu ya mawe, yaani nyuzi zinazotengenezwa kwa mwamba ulioyeyushwa, haiungui, lakini ni nzito na haikuwapo nyuma ya bohari kujisemea. Mzee Tofali, ambaye alizaliwa motoni, hakuongeza neno, na ukimya wake ulikuwa wa majivuno kupita kiasi.

Panya aliongeza, bila kuulizwa, kwamba frigoliti haina ladha ila hutoboleka vizuri na hufaa kwa kulelea watoto.

Poliurethani, aliyekuwa amepoteza rangi, alitoa hoja yake ya mwisho, nayo ndiyo ilikuwa bora kuliko zote alizoanza nazo: chanjo nyingi za watoto ni lazima zihifadhiwe kati ya digrii 2 na 8, mchana na usiku, na kwa kazi hiyo Babu na uzito wake wote hawafai kitu. Babu alikubali mara moja. Alisema kwamba mgeni anayejua chumba chake hukaribishwa, na kwamba shida ilianza pale mgeni wa chumba cha dawa alipotaka kuwa ukuta wa kila nyumba, huku paa, ambako angehitajika hata akiwa mwembamba, hakuna aliyempandisha kwa sababu wanunuzi huitazama nyumba kutoka barabarani.

Mchwa alikuwa bado anatafakari namna ya kuliandika hilo bila kuwaudhi wanunuzi wakati kulipokucha na mvua kuanza kupiga Bati, ambaye kelele zake zilifunika mjadala mzima. Mvuvi mmoja wa Luama alijibanza chini ya upenu. Akakiona kipande cha Frigoliti ambacho bati lake moja lilikuwa limebanduka, akakibonyeza kwa ukucha, akakipima kwa mkono mmoja, kisha akatoa kisu na kukata maboya manne ya wavu.