Flashi ya Shemeji

Hapa Ziba unaweza kumnyima mtu baiskeli naye akaelewa. Utasema ina pancha, utasema breki zimeisha, ataitikia "haya" na kwenda kujaribu nyumba ya pili. Jembe nalo lina visingizio vyake. Lakini mtu akitoa flashi mfukoni, akaipuliza vumbi na kusema, "Mwalimu, naomba nichomeke hapo mara moja, nataka kuangalia kitu," huna pa kutokea. Utamwambia nini? Kwamba flashi yake ni chafu? Hapo utakuwa umemwambia yeye, mama yake na ukoo mzima kwamba hawaogi.

Ndiyo maana huwa nacheka nikisikia redioni wataalamu wakitutahadharisha kuhusu wadukuzi wa ng'ambo. Mdukuzi wa ng'ambo hajui Ziba iko wapi. Hata wenzetu wa Dar es Salaam ukiwatajia Ziba inabidi uongeze Igunga, na Igunga uongeze Nzega, ndipo mtu aseme "Aaa, kule!" kwa sauti ya mtu ambaye bado hajui. Laptopu yetu ya nyumbani haijawahi kuugua ugonjwa ulioletwa na adui. Magonjwa yake yote yameletwa na ndugu, jamaa na marafiki, tena baada ya kusalimia vizuri na kukubali chai.

Laptopu yenyewe ni ya mtumba. Betri ilishakufa, kwa hiyo haiendi popote; inakaa sebuleni juu ya meza ndogo, imefunikwa kitambaa cha kudarizi ambacho mke wangu hakuwahi kuninunulia mimi hata cha shingoni. Usiku tunafunga komeo, tunapiga kufuli, tunamfungulia mbwa. Mwizi wa kuku hapati nafasi. Asubuhi tunafungua mlango, na shemeji anaingia na flashi.

Flashi ya shemeji ni ndogo kama kidole gumba, kifuniko chake kilipotea zamani, na inaning'inia kwenye kamba ya kiatu. Imetembea. Ilianzia kwa kwaya iliporekodi nyimbo, ikapitia kwenye banda la video kuchukua sinema zilizotafsiriwa, ikalala steshenari moja karibu na stendi ambako watu huchapa barua za kuomba kazi na kujaza fomu za mkopo wa chuo. Mashine ya steshenari hiyo bado inatumia Windows 7, ambayo Microsoft iliacha kuitolea masasisho tarehe 14 Januari 2020. Kila aliyetaka kazi, mkopo au cheti cha kuzaliwa amechomeka flashi yake pale, na kila flashi imeondoka na kitu ambacho mwenyewe hakukilipia.

Shemeji alikuja kutuonyesha video ya harusi ya binti yake. Sebule ilijaa. Akachomeka, mafolda yakajipanga: HARUSI, KWAYA, CV MPYA, CV MPYA MPYA, USIFUNGUE. Kila moja lilikuwa na kishale kidogo kilichopinda kwenye kona ya chini kushoto. Hakuna aliyekitazama kile kishale. Watu walikuwa wanasubiri kuona nani alicheza vibaya. Shemeji akabofya HARUSI. Kioo kikapepesa weusi, muda wa kufumba na kufumbua, kisha folda likafunguka na bibi harusi akatokea. Tukapiga vigelegele.

Ujanja wote uko pale kwenye kile kishale. Zamani virusi wa flashi walijiendesha wenyewe mara tu unapochomeka, kwa sababu Windows ilikuwa na tabia ya kufungua kila kinachoingia. Conficker, aliyeanza kusambaa mwishoni mwa mwaka 2008, alipita pia kwenye mlango huo. Microsoft ikaufunga katika Windows 7, na mwanzoni mwa 2011 ikaufunga hata kwenye matoleo ya nyuma. Basi wenye kazi yao wakaona heri mwenye nyumba afungue mwenyewe. Programu inaficha mafolda yako halisi, na mahali pa kila moja inaweka shotikati yenye jina lilelile na sura ileile. Ukibofya, shotikati inaamsha kifaili kidogo kinachoishia na herufi vbs, halafu kwa heshima kabisa inakufungulia folda lako ili usiulize maswali. Kile kifaili kinajinakili ndani ya mashine, kinajiandikisha kuamka kila unapowasha, na kuanzia hapo kila flashi itakayoingia nyumbani kwako itatoka imeambukizwa. Umekuwa steshenari.

Watu wengi wanadhani kero inaishia kwenye mafaili kupotea. Kumbe ndugu mmoja wa jamii hii, Jenxcus, humpa mtu wa mbali funguo za mashine nzima, na mwenzake Bladabindi hunukuu kila unachochapa, nywila zikiwemo, na anaweza kuwasha kamera. Mwaka 2014 Microsoft iliwapeleka mahakamani nchini Marekani watu iliodai kuwa nyuma ya hao wawili. Sisi tulijua habari hizo kwa njia nyingine: kitaa cha kamera kiliwaka chenyewe jioni moja mke wangu akiwa anachambua mchele mbele ya laptopu. Akakitazama. Kikamtazama. Akasema, "Baba, huyo anayetuangalia mpe basi kiti." Kisha akaleta plasta ya kidonda akaziba kamera, na hadi leo plasta haijabanduka.

Fundi aliitwa. Fundi wetu ni kijana hodari, ana dawa moja: kupiga Windows. Sauti haitoki? Piga Windows. Printa imekwama karatasi? Piga Windows. Mtoto amemwaga uji kwenye kibodi? Hapo atakuna kichwa kidogo, halafu atashauri tupige Windows kwanza tuone. Alikuja na flashi yake ya kazi, ambayo kwa hesabu ya haraka imeingia katika kila mashine mgonjwa kuanzia hapa hadi Nkinga. Windows aliyokuwa nayo ni ya kukraki, na akaagiza tuzime ulinzi kabla hajaanza, "maana, mzee, itaikataa dawa." Nikamuuliza kwa nini ulinzi uikatae dawa. Akasema ndivyo ulivyo, una wivu. Nilimlipa nauli nikamshukuru.

Baada yake akaja mpwa wangu, ambaye haamini katika tiba moja. Aliweka antivirusi tatu kwa mpigo. Kila moja ikaona nyingine mbili ni wahalifu. Laptopu ikawa inachukua muda wa kupika ugali na mboga kabla ya kufungua barua moja. Ya nne ilijileta yenyewe, ikaorodhesha matatizo zaidi ya elfu kwa sauti ya king'ora na kuomba dola ili iyaondoe. Mashine yenyewe ilikuwa na picha za ubatizo, mitihani ya Jiografia niliyotunga zamani na mchezo wa karata. Sijui matatizo elfu yalipata wapi pa kulala.

Kuna siku nilisoma habari za virusi wa kwanza wa kompyuta za aina ya IBM PC kusambaa duniani, Brain, wa mwaka 1986. Waliomtengeneza ni ndugu wawili wenye duka la kompyuta huko Lahore, Pakistani, na ndani yake waliandika majina yao, anwani ya duka na namba za simu, ili atakayeambukizwa awapigie. Nikawaonea wivu watu wa enzi hizo. Mgonjwa alijua pa kulalamikia.

Binti yangu aliporudi likizo kutoka chuoni alitazama ile laptopu kwa dakika chache, akacheka hadi akakaa chini. Alianza kwa kuchomoa intaneti, ili aliyekuwa upande wa pili abaki peke yake. Akaondoa antivirusi zote za binamu yake pamoja na ile ya king'ora. "Baba, mlinzi yumo humu tangu siku mliyoinunua," akasema. Ni kweli: Microsoft ilinunua kampuni ya GIANT mwishoni mwa 2004, programu yake ikaja kuwa Defender, na tangu Windows 8 ya mwaka 2012 Defender imekuwa antivirusi kamili inayokuja na mashine bila malipo. Ukiweka nyingine juu yake, yenyewe inakaa pembeni. Sisi tulikuwa tumemfukuza askari tukaajiri watatu wanaopigana.

Akafungua orodha ya kazi zinazoendelea, akaikuta wscript, ile inayoendesha vifaili vya vbs, inahangaika na hakuna aliyeituma, akaizima. Akaifuta kwenye orodha ya vinavyoamka na mashine, akang'oa vikorokoro vilivyojibandika kwenye kivinjari na kutuletea kurasa za kubeti kila tulipotafuta bei ya alizeti. Mwisho akaamuru Defender ikague mashine kabla Windows yenyewe haijaamka, kwa kuwa mwizi aliyelala ni rahisi kumkamata. Kisha akakataa kunirudishia kiti mpaka nibadilishe nywila zote, tena kwa simu wala si kwa laptopu, na jina la mbwa lisiwemo.

Akiwa kazini, jirani yetu mzee aliyekuja kuazima chumvi alisimama mlangoni akauliza hao wadudu wanaingiaje wakati hapa hatuna adui. Nilimjibu kwa habari ya funza wa miguuni, kwa sababu anaijua vizuri. Livingstone alipokaa Kwihara, pale Tabora, mwaka 1872, alikuwa na taabu nyingi, ila funza hakuwa mojawapo. Mwaka huohuo ndipo funza aliposhuka pwani ya Angola, kwenye mchanga wa meli iliyotoka Brazil. Kabla karne haijaisha alikuwa ameshavuka bara zima na kufika Zanzibar. Hakuwa na mabawa ya kuvukia. Alibebwa na misafara, ndani ya vidole vya wapagazi, na babu zetu Wanyamwezi walikuwa ndio mabingwa wa kubeba. Mpagazi alilala kwa mwenyeji, akanawishwa miguu, akaacha mayai kwenye vumbi la sakafu, akaaga kwa heri. Mzee akaitazama laptopu, akatazama miguu yake, akavaa ndala zake vizuri.

Sasa nyumba ina sheria. Watoto wana akaunti yao isiyoweza kusakinisha chochote. Masasisho yanashushwa usiku kwa bando la usiku, badala ya kuzimwa kabisa kama tulivyokuwa tunafanya kuokoa vocha. Viraka hivyo ndivyo vinavyoziba matundu. Windows imewekwa ionyeshe mafaili yaliyofichwa na mikia ya majina, ili vbs isijifanye folda. Kitu cha kuchapisha steshenari tunakituma kwa WhatsApp, flashi haiendi. Na tukilazimika kupeleka, tunatumia memori kadi ndani ya adapta yake kubwa, ambayo ina kidude kidogo ubavuni: kikisukumwa chini, kadi inasomwa lakini haiandikwi. Kwa bei yake sijaona kufuli lenye faida zaidi.

Sheria ya wageni ndiyo ilituletea maneno. Binti alitangaza kwamba kila flashi itakaguliwa kabla ya kufunguliwa. Katibu wa kwaya alinuna akasema tangu lini nyumba ya Mwalimu ikawa uwanja wa ndege. Mke wangu akapata suluhisho: flashi inapokelewa kwa mikono miwili, mgeni anakaribishwa michembe na chai, na ukaguzi unafanyika wakati anatafuna. Michembe inachukua muda mrefu zaidi kutafunwa kuliko Defender kumaliza flashi ya kawaida.

Ndivyo tulivyompokea shemeji aliporudi akiwa na huzuni. Flashi yake, akasema, imekufa. Steshenari wamemwambia video ya harusi imefutika na bora aifomati. Alikuja na mwenyekiti wa kamati ya harusi, mtu mzito, aliyeketi kwenye kochi la karibu na mimi na kunipa pole kana kwamba tumefiwa. Binti akawasalimu shikamoo kila mmoja, akachukua flashi, akafuta zile shotikati pamoja na kifaili chao, akafungua kioo cheusi na kuchapa attrib -h -r -s /s /d, akaongeza herufi ya flashi na nyota zake. Shemeji alikuwa amesimama nyuma yake mikono kichwani. Hakuna kilichokuwa kimefutika. Mafolda yote yakarudi moja baada ya jingine, safari hii bila vishale: HARUSI, KWAYA, CV MPYA, CV MPYA MPYA.

Shemeji alimkumbatia mpwa wake. Kwa furaha akabofya la mwisho, USIFUNGUE, na faili lililokuwemo, kabla hajakumbuka kwa nini aliliita hivyo. Likafunguka jedwali, kubwa, limejaa kioo kizima, sebule nzima ikisoma: AHADI NA MICHANGO. Mstari wa kwanza, Mwenyekiti wa Kamati. Ahadi, 300,000. Ametoa, 0.

Tulisikiliza mbwa akibweka nje. Mwenyekiti aliweka kikombe chini taratibu, akainama kusoma kwa karibu, akatikisa kichwa.

"Hawa virusi ni wabaya kweli," akasema. "Wamefikia hatua ya kubadilisha tarakimu."

Binti alifungua mdomo kueleza kwamba aina hii huficha mafaili tu, haigusi kilichomo. Mama yake akamkanyaga mguu chini ya meza, akamwongezea mwenyekiti michembe.