Muulize Shangazi: Mke Mwenza wa Sentimita 27

"Shikamoo Shangazi. Mume wangu ni baharia mstaafu. Siku hizi anakoroga madawa jikoni kwangu na kumimina miguu, mikono na kichwa cha mwanamke. Anasema ni mcheza shoo aliyemwona Bangkok ujanani. Makopo yake yako kwenye friji yangu, na sufuria yangu ya wali ameshaichukua. Nifanyeje? Niliyeduwaa, Tanga."

Marahaba, mwanangu. Umefanya la maana kuniandikia mimi, kwani washauri wa siku hizi dawa yao ni moja kwa kila ugonjwa: kaeni mzungumze. Mimi sijawahi kumshauri mtu akae. Nimefunda maharusi kutoka Vanga hadi Lamu, na hakuna hata mmoja aliyerudishwa kwao, isipokuwa yule wa Malindi, na yule alirudi kwa hiari yake kuchukua dhahabu aliyoisahau.

Futa machozi kwanza, ujue unamlilia nani. Huyo aliyelala vipande vipande juu ya meza yako ni resini ya poliurethani. Wajapani ndio waliougeuza mchezo huu wa kumimina sanamu kuwa kazi ya watu wazima wenye akili zao. Mtu anachonga sanamu kwa mkono, anaizungushia mpira wa silikoni hadi apate kalibu, kisha anamimina nakala chache na kuziuza zikiwa vipande vyeupe kama meno ya mtoto. Kusugua, kuunganisha na kupaka rangi ni juu ya mnunuzi. Huko Makuhari Messe, mkoani Chiba, jirani na Tokyo, kuna gulio lao liitwalo Wonder Festival, mara mbili kwa mwaka, wakati wa baridi na wakati wa joto. Wasimamizi wake ni Kaiyodo, kampuni iliyoanza mwaka 1964 huko Osaka ikiwa kiduka kidogo. Sanamu nyingi pale ni za watu wa katuni, na wenye katuni hutoa kibali cha siku ile moja tu. Gulio likifungwa, kibali kimekufa.

Kibali cha siku moja! Laiti ningelijua hilo ujanani, wachumba wangu wote ningewapa cha namna hiyo, nikapumzika.

Sasa, mcheza shoo wa Bangkok hana mwenye katuni wa kuombwa ruhusa. Wa kuombwa ni wewe mwenye jiko. Hilo shika, tutalirudia nafasi ikiruhusu.

Na usidhani Bangkok siijui. Mume wangu wa pili, Mungu amrehemu (ingawa yu hai, yuko Kisauni), naye alikuwa baharia. Zamani meli zilifunga Khlong Toei, bandari iliyo ndani ya mji wenyewe, kando ya mto Chao Phraya. Baharia alishuka ngazi, akapanda tuktuk, na kabla mshahara haujapoa mfukoni alikuwa Patpong kwa wacheza shoo. Mtaa ule umechukua jina la ukoo wa Patpongpanich, walionunua ardhi hiyo mwaka 1946, wakati palipokuwa na mfereji na nyumba moja ya mbao za msaji. Taa za neoni zilikuja baadaye. Mtaa mwingine wa namna hiyo, Soi Cowboy, ni kichochoro kifupi kilichopata jina kwa Mmarekani T. G. Edwards, aliyefungua baa pale mwaka 1977 na mara nyingi alivaa kofia ya kichunga ng'ombe. Kisha mwaka 1991 ikafunguliwa bandari ya Laem Chabang, zaidi ya kilomita 100 kutoka mjini, na meli kubwa zikahamia huko. Nchi nzima ya wake wa mabaharia ingepaswa kuipigia vigelegele bandari ile. Kwa hiyo mumeo ni wa kizazi cha Khlong Toei. Nimemjua bila kumwona. Hicho ni kipaji, hakifundishwi.

Mtu aliyetazama mambo chini ya taa nyekundu, amechoka, tena miaka mingi iliyopita, atakumbuka nini? Atakumbuka kiuno. Uso atautunga. Nenda kakitazame hicho kichwa cha resini kwa makini: kidevu ni chako. Kama si chako, ni cha mama yake, na hapo niandikie barua nyingine, tena iwe na stempu.

Dawa ya kwanza: dai sanamu yako. Kwa kipimo cha moja kwa sita, mwanamke wa sentimita 162 anatoka sentimita 27. Nawe usikubali kupunguzwa hata moja. Ivae doti nzima ya leso, na jina la leso lisomeke. Herufi zitabaki milimita chache, basi na atafute brashi ya nywele tatu na pumzi za mzamiaji. Mimi ujanani nilikuwa nasimama kisiwani nikasoma leso ya mtu aliye ng'ambo ya Likoni, feri ikiwa katikati, na nikamjibu. Sanamu yangu mimi, sikufichi, si kazi ya kalibu ya vipande viwili. Kalibu ya namna hiyo inataka umbo lililonyooka. Penye mabonde na vilima silikoni hunasa na kuraruka. Mimi nahitaji kalibu ya vipande sita, na fundi mwenye bima.

Dawa ya pili: mgeni alipe. Tangu lini mtu anakaa kwenye friji ya watu bure? Mpe zamu ya vyombo. Akishindwa kuosha, mwenyeji wake aoshe kwa niaba yake. Tena hayo makopo yatoke humo leo hii. Kopo la baridi likitolewa kwenye joto la Tanga linatoa jasho, na resini hiyo ikikutana na maji inatoa gesi na kuumuka, binti akatoka na matundu mwili mzima. Hewa yetu ya pwani peke yake inatosha kuharibu. Kopo lifunikwe mara tu baada ya kumimina. Mimi nilijua habari ya kuumuka kabla ya wanakemia, kwa kuwa mahamri yangu yanasifika hadi Pemba.

Siku moja utamkuta baba watoto anamwogesha binti wa Bangkok kwa mswaki na sabuni ya vyombo. Usipige ukunga. Anatoa mafuta yanayopakwa kwenye kalibu. Yakibaki, rangi itabanduka. Na sufuria yako kaichukua kwa sababu mguu wa resini uliopinda hulainika kwenye maji ya moto, ukanyooshwa, ukatiwa kwenye maji baridi. Viungo atavitoboa, atavitia kijiti cha waya na supagluu. Ndoa yangu ya tatu ingepata waya huo, ingesimama.

Mhariri ananionyesha saa. Hana adabu, lakini analipa.

Haya, upesi. La kuogopa ni mvuke na vumbi. Binti hana neno. Upande mmoja wa dawa hizo una isosianati, inayoweza kumletea mtu pumu ya kudumu. Akorogee nje, penye upepo, kwa glavu na barakoa ya kuchuja kemikali, si ile ya kitambaa. Asugue kwa msasa wa maji, vumbi lisiruke. Sufuria ile isipikiwe tena chakula; akununulie nyingine, kubwa zaidi, kwa kiinua mgongo chake.

Nawe kijana wa Nakuru uliyeniandikia ukilalamika kwamba sanamu yako bado inanata siku ya nne: hukupima. Fungu la kwanza na la pili hayakisiwi kwa jicho. Soma kopo, tumia mizani, koroga hadi pembeni mwa kikombe. Hiyo itupe.

Na fundi yeyote aliye tayari kwa kalibu ya vipande sita aandike kupitia kwa mhariri. Upande wangu wa kushoto ndio mzuri.