Sifa za Kuchechemea

Aliyesema mwenda pole hajikwai hakuwahi kukiona kigarimoshi cha mezani, kile wanachokipenda Waingereza, kilichopunguzwa mara 76 na kupita juu ya reli yenye upana wa milimita 16.5. Kipe volti 12 kamili, kinazunguka chumba kizima kama mfalme. Punguza umeme kiende mwendo wa kuingia stesheni, ndipo kioja kianze: kinasogea, kinasita, kinasogea, kinasita. Wenyewe hukiita balaa. Mimi naona ni neema, na nashangaa haijatungiwa kaswida.

Kuchechemea hakusemi uongo. Mwongo ni kasi. Mota ikishachanganya, nguvu ya mzunguko wake hukivusha kigarimoshi penye kasoro kabla jicho halijaiona. Mwendo wa taratibu hauna wa kuufichia aibu.

Halafu kuna adabu. Tia nukta ya rangi kwenye spoku moja, kilaze kigarimoshi chali, kiunganishe umeme kwa nyaya mbili, utazame. Kikisita kila nukta inapofika pale pale, mgonjwa ni ekseli au kitu kinachozunguka nayo. Mara nyingine ni unywele tu uliojisokota. Kikisita ovyo, leo hapa kesho pale, huko si kuchechemea kwa heshima. Ni uchafu wa reli na magurudumu. Kitambaa na spiriti, basi.

Isitoshe, kuchechemea ni mwalimu. Nani angejishughulisha na zile fito za ubavuni kama zisingebana? Katika treni ya kweli mvuke husukuma pistoni, pistoni ikazungusha gurudumu. Huku mezani mambo ni kinyume: mota iliyofichwa ndani ya boila huzungusha ekseli, mara nyingi moja tu, fito zikayavuta magurudumu mengine, na pistoni ikaburutwa nyuma na mbele huku ikijifanya ndiyo inayochapa kazi. (Kila ofisi ina pistoni ya namna hiyo.) Pini za fito upande mmoja hutangulia za upande wa pili kwa robo mzunguko, nyuzi 90, na ekseli zote sharti zikubaliane. Gurudumu moja likiteleza kidogo kwenye ekseli yake, fito hukaba. Zifungue, ujaribu tena bila hizo. Ekseli yenye mota ikizunguka laini, mshukiwa amepatikana.

Isipozunguka laini, fungua kifuniko cha chini uiangalie gia kwa lenzi. Gia hizi aghalabu ni za plastiki, zimekazwa kwenye ekseli ya chuma. Miaka inapita, plastiki inasinyaa, chuma hakitoi nafasi. Mwishowe gia hupasuka katikati ya meno mawili. Ufa ni mwembamba, hata ukucha hauingii, lakini umeyatenga yale meno kuliko wenzao. Skrubu ya mota, ile inayoizungusha gia, ikifika hapo, inaruka. Tik. Mzunguko mwingine, tik. Unabadilisha gia, unafunga.

Kasi huyaficha haya yote, ndiyo maana muuzaji wa mtumba hupenda kukuonyesha kigarimoshi kikiwa mbioni. Kisifie, msifie na yeye, kisha mwombe apunguze umeme hadi kiende kwa kunyata. Kikichechemea, usinune. Anza kuzungumzia bei.