Kuuliza Njia Elephant Hill

Mitaa ya mashariki mwa Nairobi, ambayo kwa jumla huitwa Eastlands, ina elimu yake ya kutafuta njia, nayo haitegemei kibao wala ramani. Mgeni anayekwenda Umoja au Kayole huelekezwa ashuke steji fulani, aingie kichochoro chenye kinyozi, apite mageti mpaka afikie lile jeusi, kisha amuulize mama mboga, ambaye hajui nyumba tu bali pia kama mwenyeji yumo na kama kodi imelipwa. Kwa kuwa elimu hii haijawahi kumwangusha, mkazi wa huko huingia matatu ya kukodi alfajiri ya Jumamosi mwezi wa Julai, akaelekea Njabini kupitia Flyover akiamini kwamba mlima ni mtaa kama mingine, ila umesimama wima.

Elephant Hill, kilele cha kusini mwa milima ya Nyandarua kinachozidi mita 3,500 na ambacho kwa mbali hufanana na ndovu, hupandwa kwa njia yenye alama haba: utepe kwenye tawi, nyayo za waliotangulia na karatasi ya biskuti, ambayo ni uchafu usio na udhuru, ingawa mpandaji aliyepotea huifurahia kuliko utepe. Julai nayo ni kipupwe, yaani majira ya baridi na manyunyu, na kwa kuwa joto la hewa hupungua kwa nyuzi 6 hivi kila mtu apandapo mita 1,000, aliyeondoka Eastlands, iliyo juu ya mita 1,600, akiwa tayari anatetemeka, hukuta huko juu baridi iliyozidi ile kwa nyuzi zipatazo 12. Jaketi la mtumba la soko la Gikomba, lililonunuliwa kwa hoja kwamba limetoka Ulaya na hivyo limezoea baridi, huthibitika kuwa kule lilivaliwa wakati wa kiangazi.

Taabu yenyewe huanzia katika ukanda wa mianzi, ambako jua haliingii na tope halikauki. Raba nyeupe hudidimia taratibu, mwenyewe akavuta mguu, na mguu ukatoka na soksi peke yake. Hapo hulazimika kusimama kama korongo, ameshika mwanzi kwa mkono mmoja, huku mwingine ukipapasa topeni hadi kiwiko kutafuta mali yake, na wenzake, badala ya kumshika, wakitafuta simu zao wampige picha.

Msituni humo hakuna mama mboga. Wapo tu wapandaji wanaoteremka, ambao wakiulizwa hujibu "bado kidogo", kipimo cha urefu kisichojulikana na wanasayansi, ambacho hutolewa kwa anayekaribia kileleni na kwa aliyetoka getini muda si mrefu uliopita bila kubadilika. Kuuliza si ujinga, lakini methali hiyo haikusema lolote kuhusu anayejibu. Akiwakosa hao, msomi wa vichochoro hurudia kanuni ya mtaani kwamba njia pana ndiyo inayofika steji, akaifuata, bila kujua kwamba katika mianzi ya Nyandarua njia zilizo pana na zilizokanyagwa vizuri mara nyingi hutengenezwa na ndovu, ambao hawana haja na kilele. Kinyesi kinachofuka mvuke humfahamisha mapema kuliko kibao chochote.

Ndiyo maana kikundi huongozana na askari wa misitu mwenye bunduki, ambaye huvaa gambuti, haongezi mwendo wala haupunguzi, na huwarudisha waliopotea kwa kunyoosha kidole tu. Baada ya mianzi kuna nyasi za mashada, upepo na mahali ambapo wapandaji wamepapa jina la kukata tamaa, kwa sababu hapo ukungu ukifunguka kilele huonekana, nacho bado kiko mbali.

Anayekusudia kwenda Julai hii aiache raba nyeupe Buruburu, atafute gambuti, na asimpite askari.