Mangi, Ghorofa Limeota Mbele ya Duka: Mwongozo wa Dharura

Mangi, pole na hongera. Pole kwa vumbi, maana zege limemwagwa usiku na mchana mpaka sembe yako ikaanza kulia mchanga mdomoni. Hongera kwa sababu pale mbele, palipokuwa na nyumba ya bati na mwembe wa marehemu mzee, sasa pana ghorofa kumi na mbili, lifti mbili, jenereta na geti linalojifungua lenyewe. Haya yametokea Upanga, yametokea Mikocheni na Kijitonyama, na sasa ni zamu yako. Tangu ilipotungwa Sheria Na. 16 ya mwaka 2008, Mtanzania anaweza kuwa na hati ya kipande cha jengo kilichoko ghorofa ya tisa, hewani kabisa, asiwe na hata tuta moja la mchicha. Mtu wa namna hiyo lazima anunue mchicha. Shida ni kwamba anautaka umeoshwa, hauna mizizi, na asionekane akiununua dirishani kwako.

Kwa hiyo, kwanza toa nondo.

Najua zina kazi. Miaka yote hiyo umeuza ukiwa nyuma ya nondo na wavu, mteja amesimama juani, hela inaingia kwa kitundu na sabuni inatokea kwa kitundu hicho hicho. Mteja mpya hapendi kuhudumiwa hivyo. Anataka kuingia ndani, ashike kopo, aligeuze, asome maandishi madogo yaliyo nyuma, anune, kisha alirudishe rafu isiyo yake. Usimkatize. Huko kurudisha ndiyo starehe iliyomleta. Nunua vikapu vya plastiki vyenye mkono na funga kamera nne. Mbili zikiwa maganda matupu si neno, mradi zina taa nyekundu. Nondo usiziuze chuma chakavu. Weka stoo, tutazirudia.

Kisha jina. Ule ubao uliochorwa bure na kampuni ya soda, wenye jina lako kwa herufi ndogo na soda yao kwa herufi kubwa, ushushe. Jina jipya liwe la Kiingereza na liwe na neno "fresh" ndani yake, hata kama kinachouzika zaidi ni sabuni ya mche na betri za rimoti. Utalipia bango, utalipia taa za bango, utalipa na ushuru wa bango. Watu wataendelea kusema "naenda kwa Mangi".

Sasa tukae kidogo kwenye kupima, maana hapo ndipo duka lako linaposimama au kuanguka. Umeishi kwa kupima: mafuta ya kula ya jero, sukari robo, unga nusu, dawa ya mbu fundo moja, sigara moja moja. Wataalamu wa biashara waliopita mtaani walikuambia hiyo ni biashara ya kimaskini, uuze pakiti kubwa. Wamekosea kumsoma mteja. Huyu wa ghorofa ya tisa anaishi peke yake au na mwenzake mmoja, jiko lake ni la kusimama mtu mmoja, na friji yake nusu imejaa maji ya chupa. Kiroba cha mchele kilo ishirini na tano atakiweka wapi, kitandani? Anachotaka ni robo. Anataka robo kuliko hata yule dada wa nyumba ya kupanga uliyemzoea, ila hataki kuitamka. Kazi yako ni kumsaidia asiitamke. Chukua robo ile ile ya karanga, itie kwenye chupa ya kioo, funga kamba ya katani shingoni, bandika karatasi ya kaki iliyoandikwa kwa mkono, uuze kwa bei ya kilo. Kidogo ndani ya kifuko cha nailoni ni shida. Kidogo ndani ya chupa ya kioo ni mtindo wa maisha.

Ukitaka somo zaidi, huna haja ya kwenda mbali. Nenda gengeni, hatua chache kutoka mlangoni kwako. Yule mama mwenye meza ya mbao ana nazi iliyokunwa, kabichi iliyokatwa nyembamba, njegere zilizomenywa, vitunguu swaumu vilivyomenywa, na kisamvu kilichotwangwa kikatwangika. Amekuwa akiuza chakula "tayari kwa kupikwa" tangu wauzaji wenye viyoyozi hawajajua kwamba kitu hicho kina soko. Mtazame anavyouza kisamvu. Anakipima kwa bakuli la plastiki la kijani lililopasuka ukingo, anakisawazisha kwa kiganja, anakimwaga kwenye kifuko, halafu, bila kuombwa, anachota tena kwa vidole vitatu na kutupia juu. Mteja huwa hajakunja uso bado. Wote wawili wanaijua ile nyongeza kuwa ni haki, na ikikosekana kuna jambo limeharibika kati yao.

Nyongeza hiyo, Mangi, ndiyo kikwazo chako cha kitaalamu. Utamnunulia mama kisamvu chake saa kumi jioni, utakipanga kwenye visahani vyeupe, utavifunika kwa plastiki angavu na kubandika tarehe. Lakini kisahani kilichofunikwa hakipokei vidole vitatu. Suluhisho lililopo mjini ni kuita nyongeza "ofa" na kuitoa kwa anayenunua visahani vitatu, yaani kwa mtu ambaye hana haja nayo.

Bidhaa nyingine ni rahisi, kwa sababu nyingi unazo tayari. Zinahitaji kuhama rafu tu. Dona, uliyokuwa ukiiweka chini kwa aibu ya rangi yake, ipande juu usawa wa macho, maana daktari ameshaongea na wenye sukari na shinikizo. Dagaa wa Kigoma watolewe kwenye gunia, wakatwe vichwa, wapewe pakiti yenye dirisha. Unga wa uji wa lishe wa mama jirani ukae kando ya oti iliyosafiri kwa meli, uone nani ananunuliwa. Parachichi za Njombe vika kila moja wavu wake wa sponji. Weka kahawa ya Kilimanjaro isiyosagwa, upate kumuuzia mtu wa ghorofani buni ambazo wewe mwenyewe ulizichuma utotoni Rombo kwa kulazimishwa, huku kikombe chako cha chai ya rangi kimefichwa nyuma ya mashine ya EFD. Na akikuuliza kama kahawa ina ladha ya matunda, sema ndiyo.

Mkaa utoe mbele kabisa. Kamati ya jengo imepiga marufuku majiko ya mkaa kwenye vibaraza, na mitungi ya gesi inapendeza ikipangwa mlangoni. Usiutupe lakini. Jumamosi jioni mtu wa ghorofa ya saba atateremka kwa kapu lililofunikwa kanga, na hatataja kilichomleta mpaka wengine waondoke. Nyama choma ina siri zake.

Tuje kwenye mkopo. Daftari lako lile lenye jalada la kitambaa lina mtaa mzima ndani yake: mama Zawadi sukari na mkate, fundi bomba vocha mbili, mwalimu mchele kilo tatu "mpaka mshahara". Wahenga hawakukosea, mali bila daftari hupotea bila habari. Unadhani wenye hati za ghorofa hawakopi? Wanakopa, ila mkopo wao haujui kujitambulisha. Husema, "Mangi, mtandao unasumbua, nitakutumia nikifika juu." Akifika juu, lifti humsahaulisha. Ule ubao wa "kukopa harusi, kulipa matanga" ushushe na ubandike Lipa Namba mahali pake, lakini daftari libaki chini ya kaunta. Badala ya majina andika namba za milango. 9B maziwa na mayai trei moja. 4A barafu. 11C, tuseme tu 11C, na tumwachie Mungu.

Kupeleka mzigo nyumbani utaambiwa ni huduma mpya. Zamani mtoto alitumwa na buku mkononi, akaimba bei njiani asiisahau, akarudi na chenji na pipi. Sasa simu inapigwa kutoka juu na kijana wako anatumwa upande wa pili wa barabara. Barabara ni hatua thelathini, geti ni nusu saa. Mlinzi atamuuliza anakwenda kwa nani, amepewa ahadi, jina, namba ya kitambulisho, saa ya kuingia, na sahihi kwenye rejista, wakati barafu ya 4A inamchuruzikia kwenye kandambili. Mlinzi huyo huyo ana deni la mkate na soda kwako tangu wiki iliyopita. Usimkumbushe deni mbele ya kijana. Mkumbushe faragha, kwa upole, uone geti litakavyochangamka.

Mifuko nayo: rambo zilikwisha tarehe 1 Juni 2019, na ule mfuko mbadala ulikuwa ukiupandisha kwenye bei kimyakimya. Sasa utauuza kwa jina lake, rangi ya kijani, wenye picha ya jani.

Watakutisha kwamba supamaketi kubwa itakuja ikumeze. Duka la mtaani lilipita Operesheni Maduka ya mwaka 1976, serikali ilipotaka maduka ya ushirika yachukue nafasi ya yale ya watu binafsi. Likapita msako wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983, siku ambazo kuwa na katoni ya sabuni stoo kulimnyima mtu usingizi. Shoprite ilikuja na matoroli yake, ikauza maduka na kuondoka mwaka 2014. Uchumi ikafunga mwaka 2015. Nakumatt, iliyoyanunua yale ya Shoprite, nayo haipo. Nisikudanganye kwamba walishindwa na wewe. Walishindwa na madeni yao. Ila ujue kwamba kiyoyozi hakijawahi kumwokoa mtu, na bili ya umeme utailipa wewe.

Sasa zile nondo. Zitoe stoo, toboa ukuta wa nyuma, ule unaotazama kichochoro, uzifunge hapo na uache kitundu. Wateja wako wa zamani hawajahama wote: fundi, mama ntilie, bodaboda, na dada wanaofua na kudeki huko huko ghorofani. Hao wanataka mafuta ya jero na hawana muda wa kusoma nyuma ya kopo. Kaa na mizani yako pale saa za jioni, mbele umwache kijana na kamera zake. Baada ya muda utaona jambo. Atakuja dada wa 9B, simu sikioni, kitenge kiunoni.

"Kaka Mangi, shikamoo. Karanga robo."

"Marahaba. Madamu si ananunuaga zile za chupa?"

"Amesema chupa anazo. Nimrudishie zikiwa zimejaa."

Mpimie. Mwongezee vidole vitatu. Usimwandike mbele, mwandike nyuma.

Limebaki la Desemba. Wataalamu watakushauri usifunge, kwa sababu mteja wa mjini akikosa huduma siku moja huhamia kwingine. Funga. Panda basi kama kawaida yako, nenda Rombo ukachinje, na ubandike mlangoni karatasi isiyotaja siku ya kurudi. Kundi la WhatsApp la wakazi litawaka kuanzia tarehe 20: mayai yako wapi, gesi yako wapi, nani ana namba ya Mangi, kwa nini simu ya Mangi haipatikani. Ukirudi Januari pandisha bei ya mayai. Watakuwa na furaha mno ya kukuona hata wasiulize.